Majani Mekundu ya Njia ya Nambilanje

Kosa langu kubwa la kwanza, mwanangu, lilikuwa na unene wa ganda la karanga. Nalitaja mapema ili usisome hadi mwisho ukidhani niliiba au nilimpiga mtu. Sikuiba, sikupiga. Nilikuwa nanyoosha rimu ya baiskeli, na muda wote niliokuwa nainyoosha, mtu niliyempenda alikuwa ananisubiri.

Nakuandikia, Zuhura, ukiwa na miaka minne na hujui kusoma. Najua nasaha ni kazi ya wenye mvi, nami nina miaka ishirini na tisa na sina hata unywele mmoja mweupe. Tena kwa desturi yetu maneno ya namna hii angekupa mjomba wako, kaka wa mama yako. Lakini mjomba wako yuko Dar es Salaam, na salamu zake ni za kwenye simu, "Niaje mpwa, mambo poa?" na ameshakata. Basi nimekikalia kiti chake kwa muda. Ujana wangu haujaisha, ila kosa langu limezeeka, na kosa lililozeeka lina haki ya kusema.

Karatasi hii ni ya nne. Tatu nimezichana, moja kwa sababu ya mwandiko tu. Hii sitaichana. Ukikuta nimekata neno, jua baba yako alikuwa anapambana na ugonjwa wake wa kutaka kila kitu kinyooke.

Unamjua Babu Salumu kwa sauti. Mimi namjua tangu akiwa na macho. Ni kaka wa mama yangu, na kwetu mjomba akisema neno, limesemwa. Alikuwa mkulima wa korosho hapa Naipingo, mrefu, mwembamba, na baiskeli yake nyeusi ya chuma iliyokuwa nzito kama mlango. Kengele yake ilikufa kabla sijazaliwa, akawa anapiga mluzi badala ya kengele. Kuku wa kijiji kizima walikuwa wanaujua ule mluzi, wanapisha wenyewe.

Sasa nikueleze kitu ambacho wengi wanakipita kila mwaka bila kukitazama. Oktoba, kabla ya kifuku, yaani kabla ya mvua zetu kubwa kuanza, kuna siku chache ambapo miti ya miyombo huchipua. Hazifiki hata wiki mbili. Nyasi zimeungua kwa moto wa kiangazi, chini ni majivu matupu, visima vinatoa tope, nyenje wanalia porini mpaka kichwa kinauma. Na juu ya hayo yote miti inavaa majani mapya, mekundu. Kijani kinakuja baadaye. Kwanza mekundu, kisha yanaelekea rangi ya asali, halafu siku moja unaamka na pori limekuwa kijani kana kwamba hakikutokea kitu.

Nimewaona kwenye simu watu wa nchi za baridi, ambao kwa miezi wanafungia baiskeli zao ndani. Siku ya kwanza ya joto wanatoka nazo wote kwa pamoja, kama kumbikumbi baada ya mvua. Niliwaelewa sana. Mwendesha baiskeli ana siku zake za mwaka ambazo moyo unamwasha. Zetu ni hizo za majani mekundu.

Mjomba alikuwa nazo tangu utotoni. Zikifika, anafunga mihogo ya kuchemsha kwenye keria, anajaza dumu la maji, na kunapokucha ameshaondoka kwenda Nambilanje, alikozaliwa. Huko kuna mteremko ambao ukisimama juu yake unaitazama miti kutoka utosini. Mama yake, aliyevuka Ruvuma akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, alikuwa anawapeleka wanawe pale kila mwaka kuangalia miti inavyovaa. Mjomba akaendeleza. Anafika, anakaa, anakula mihogo, anarudi. Basi. Na hizo ndizo siku za kuokota korosho, ambazo hata mgonjwa anatoka kitandani.

Jirani yetu Bi Asha hakumwacha salama.

"Salumu! Korosho zako zinaokotwa na nani? Unakwenda tena kuangalia majani kama mbuzi?"

"Mbuzi anaangalia, anakula. Mimi naangalia tu. Kwa hiyo nimemzidi adabu."

"Umemzidi njaa!"

Anapiga mluzi, anakwenda.

Mwaka wa kosa langu, nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimeunda baiskeli yangu mwenyewe kutokana na vipande vya baiskeli tatu zilizokufa. Hakuna fundi aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kubomoa na kurudishia, na kwa kutazama simu pale mtandao ulipokubali. Nilikuwa naigeuza miguu juu, nafunga njiti ya kibiriti kwenye chuma karibu na rimu ya nyuma, nazungusha tairi, kisha naangalia njiti inagusa wapi. Inapogusa, nakaza spoku upande huu, nalegeza upande ule. Nazungusha tena. Nikikuambia kwamba niliwahi kufanya hivyo kuanzia asubuhi mpaka kivuli kikanihama, usicheke. Ndani yangu kulikuwa na sauti iliyosema kwamba watu watakapoiona ile baiskeli watajua mimi ni mtu wa namna gani. Na kwamba ikicheza hata kidogo, watajua hilo pia.

Mjomba alikuja akasimama nyuma yangu.

"Mpwa, kesho kutwa twende Nambilanje. Miti imeanza kuvaa."

"Mjomba, bado. Rimu inacheza."

"Inacheza kiasi gani?"

"Kama ganda la karanga hivi."

Alicheka mpaka akashika goti. "Ganda la karanga! Hata mimi nikitembea nacheza zaidi ya hapo. Twende bwana."

"Haraka haraka haina baraka, mjomba. Mwakani itakuwa imekaa sawa."

Nilijificha nyuma ya methali. Na methali, mwanangu, ni kama panga. Ukilishika vibaya linakukata wewe mwenyewe. Wazee hao hao waliosema haraka haina baraka ndio waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo, nami nikachagua ile iliyonipa ruhusa ya kubaki nyumbani.

Akaenda peke yake. Alirudi na michubuko kwenye mkono na goti, akasema amemkwepa mbuzi. Kwenye leso alikuwa amefunga kijitawi cha majani aniletee. Alipoifungua, yalikuwa yamenyauka, rangi imekufa, yamekuwa kama tumbaku. Aliyatazama kwa karibu sana, karibu na pua, halafu akasema, "Njiani yalikuwa mazuri," akayachomeka kwenye spoku zangu akaondoka. Niliyatoa haraka. Niliogopa yasiharibu mzunguko.

Mwaka wa pili nikaamua kulibomoa lile tairi lote nianze upya. Si ndiyo dawa ya mtu kama mimi? Kitu kikikaribia kuwa kizuri, anakivunja ili kiwe kizuri zaidi. Oktoba ikanikuta spoku zimelala kwenye beseni. Mjomba akaja tena, na safari hii hakutania.

"Mpwa, mwaka huu nakuomba."

Hakuwa amewahi kuniomba kitu. Kwetu mjomba haombi, anasema. Nilipaswa kusikia hilo neno. Badala yake nilisikia spoku iliyokuwa mkononi mwangu.

"Nipe wiki moja tu, mjomba."

"Majani hayana wiki."

"Basi tangulia."

Akaangalia baiskeli yake nyeusi iliyokuwa imeegemea ukuta, akasema, "Sitatangulia." Mwaka ule hakwenda, mara ya kwanza tangu nimfahamu. Bi Asha hakuwa na wa kumtania. Na mimi, Zuhura, sikuuliza kwa nini. Niliona ni nafuu. Nilijiambia, kama naye hajaenda, basi sijakosa kitu.

Kwa nini hakwenda, nilijua kabla kifuku hakijaisha. Alikuwa anagonga miimo ya milango. Alikuwa anamwaga maji pembeni ya kikombe. Mama alimpeleka hospitali, wakasema ni presha ya macho, imeanza zamani, inakula kuanzia pembeni kuja katikati. Kilichopotea hakirudi. Wakampa dawa ya matone ya kulinda kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa kidogo. Oktoba ya tatu ilipofika, alikuwa anaona mwanga na kivuli tu.

Na Oktoba hiyo baiskeli yangu ilikuwa tayari. Nisikufiche, ilikuwa nzuri kuliko zote. Njiti ya kibiriti haikugusa popote. Tairi lilizunguka bila sauti, kama halipo. Niliitazama nikatamani kuitupa kisimani.

Nilikwenda kwake nikiwa na aibu, nikamwambia, "Shikamoo, mjomba. Twende Nambilanje."

"Marahaba. Nikafanye nini?"

"Nitakubeba kwenye keria."

Alipapasa ukingo wa kiti chake. Kisha akasema, "Mihogo ipo?"

Tulitoka kunapambazuka. Nilimwekea mto kwenye keria, akanishika kiuno kama mtoto. Tulipita mashamba ya korosho, harufu ya mabibo yaliyoanguka ikiwa nzito hewani, tamu na kali. Nilikuwa nakwepa kila kokoto. Si kwa ajili yake, mwanangu, nakiri. Kwa ajili ya rimu. Tulipokuwa tumeshaingia upande wa Ruangwa, nikiwa nakwepa kijiwe kisichozidi ndimu, nikaliingiza tairi la nyuma kwenye mzizi. Likalia kishindo. Hatukuanguka, ila tairi liligoma kuzunguka. Rimu ilikuwa imejikunja kama jani kavu la mgomba.

Nilikaa chini kwenye majivu. Miaka mitatu, kwenye mzizi mmoja.

"Imekufa?" mjomba akauliza.

"Imekufa."

Mara tukasikia kengele. Akaja kijana mmoja wa wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa na ng'ombe wao, baiskeli yake imefungwa madumu ya maziwa kila upande mpaka hauoni miguu yake. Jina lake Masanja. Alimwamkia mjomba kwa adabu, akatazama tairi langu, akaguna.

"Hii ndogo. Nipe."

"Unataka kuifanya nini?" nikauliza.

"Kuinyoosha."

"Una kifaa?"

Akanyoosha mguu. "Hiki hapa."

Alilifungua lile tairi, akaliegemeza kwenye shina la mti, akapanda juu yake kwa kisigino kilichovaa kandambili ya tairi la gari. Kishindo kimoja. Cha pili. Nilipiga kelele kama nachinjwa.

"Taratibu! Hiyo nimeinyoosha miaka mitatu!"

Masanja akasimama na mguu hewani. "Miaka mitatu? Mzee, huyu anaendesha baiskeli au ameioa?"

"Mahari ameshamaliza, Ngosha," mjomba akajibu, akimwita kama Wasukuma wanavyoitana, meno yote nje. "Harusi ndiyo imechelewa."

"Basi mimi ndiye kungwi," akasema Masanja, akapiga kisigino cha tatu.

Alirudishia tairi, akalizungusha. Liliyumba kama mlevi, likisugua breki kila mzunguko, shwi, shwi, shwi. Nilitaka kulia. Yeye akafuta mikono. "Inazunguka. Nambilanje mtafika na kurudi mtarudi." Akapanda madumu yake, akapotea kwenye vumbi akiwa anaimba.

Ilizunguka. Tulifika. Njia nzima, shwi, shwi, shwi, na mgongoni kwangu mjomba alikuwa anapiga mluzi kufuata ule mlio. Sijawahi kuendesha vizuri kama siku ile. Hakukuwa tena na kitu cha kulinda. Nikaiona njia. Nikayaona majani, nikayaona kweli, kwa mara ya kwanza tangu nianze kuiunda baiskeli ile.

Juu ya mteremko nilimshusha. Akauelekeza uso bondeni. Hakukuwa na upepo.

"Niambie," akasema.

Hapa ndipo aibu yangu kubwa ilipo, kuliko ile ya rimu. Nilinyamaza. Mbele yangu lilikuwa bonde zima, na nilikuwa natafuta neno. Mekundu? Siyo mekundu kama damu. Siyo kama udongo. Kila neno nililolishika niliona linacheza, nikalirudisha. Nilitaka nimpe neno lililonyooka, kwa kuwa nilikuwa nimemnyima macho yake ya mwisho. Muda ukapita.

"Mpwa, upo?"

"Nipo, mjomba. Natafuta namna ya kuyasema."

Akageuka, na sauti yake haikuwa ya utani. "Nina kiu, wewe unaosha kikombe. Umekiosha miaka mitatu. Nipe maji hata kwa kiganja! Huu mti hapa," akapapasa shina lililokuwa karibu, "ardhi yake imeungua, maji hauna, na hakuna aliyeuahidi mvua. Umevaa. Umengoja nini? Sema, hata vibaya."

Nikasema vibaya. Nikasema, "Yapo kama ufizi wa mtoto mchanga." Nikasema, "Mengine kama chai ya rangi ukiinua bilauri juani." Nikasema, "Kule mbali ni kama mtu ameanika kanga nyekundu nyingi, halafu akasahau kuanua." Maneno yaliyumba, yakasugua breki, yakazunguka. Mjomba alikuwa anatikisa kichwa kukubali kila moja. Kisha akaketi, akaomba muhogo.

Alipokuwa anatafuna akaniambia lile ambalo bado linaniamsha.

"Ule mwaka niliokuomba, katikati ya jicho kulikuwa bado kunaona. Kadogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Njia peke yangu nisingeiweza, mwaka uliotangulia nilishaanguka. Nilifikiri wewe utatangulia, mimi nitafuata tairi lako la nyuma mpaka hapa."

Nikasema, sijui kwa nini nilisema, "Lakini lilikuwa linacheza, mjomba."

"Ndiyo. Linalocheza ningeliona hata kwa jicho langu bovu."

Mwanangu, majuto ni mjukuu, walisema. Wangu nimembeba tangu siku ile. Mjomba hakunilaani, alimaliza muhogo, akajipangusa, akaomba nimweleze bonde tena, kuanzia kushoto.

Tulikwenda hivyo miaka kadhaa, yeye kwenye keria, mimi mbele nikisema. Kisha magoti yakachoka, na binti yake akamchukua Dar es Salaam. Anakaa kwenye nyumba ambayo dirisha lake, anasema, linasikia magari tu. Oktoba ikifika ananiuliza kama nyenje wameanza. Namwambia wameanza. Anasema, "Aa," na najua yuko wapi. Juu ya mteremko kuna mahali pamoja penye mtandao, karibu na jiwe. Nasimama pale na baiskeli, napiga, na yeye anaanza na neno moja: "Sema."

Mwaka huu nilikwenda na wewe. Ulikaa kwenye mto wake. Hutakumbuka, ndiyo maana naandika. Nilikupa simu, nikakuambia, mwambie babu unaona nini. Ukatazama bonde, ukasema kwa sauti kubwa kama anayeita ng'ambo ya mto:

"Babu! Miti imeungua vizuri!"

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema, haijaungua, mwanangu, ni majani mapya. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikalimeza. Kwenye simu nikamsikia akicheka kile kicheko cha kushika goti.

"Hiyo hiyo," akasema. "Rangi ni hiyo hiyo, mama. Baba yako miaka yote alikuwa anaizunguka tu."

Basi nasaha yangu ni hii, na haina mapambo. Mtu akikuita ukaone kitu kizuri pamoja naye, nenda na ulichonacho. Usimngojeshe mpenzi wako, wala mama yako, wala rafiki, eti mpaka uwe tayari. Utayari ni kama upeo wa macho, unausogelea nao unasogea. Kazi yako ifanye vizuri, sikuambii uwe mzembe, na spoku iliyolegea ikaze. Lakini jua kutofautisha kikombe kichafu na kiu ya mtu. Na mtu mzima akikuomba, yeye ambaye si kawaida yake kuomba, acha kilichomo mkononi na umtazame usoni.

Mwenyezi Mungu akupe macho marefu na njia kavu. Akupe mtu wa kufuata nyuma yake, na ukikua, akupe wa kukufuata. Miti ikivaa, ikukute nje.

Mimi bado nina hofu zangu, na bado nachana karatasi. Lakini rimu aliyoikanyaga Masanja sijainyoosha, na tangu siku ile hakuna Oktoba hata moja niliyobaki nyumbani.